Pweza, mihogo na kitochi: nianze na nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mikindani, Mtwara, nimelifupisha kidogo: "Nauza pweza wa kukaanga na mihogo jioni, mtaji wangu kama laki moja hivi. Nina kitochi na simu janja ambayo kioo kimepasuka. Mtoto wa dada yangu anasoma Dar, kaja likizo ananiambia nimepitwa na wakati, nifungue Instagram nilipie matangazo, afu niweke programu ya mahesabu ya elfu kumi kwa mwezi. Mimi ninachojua nauza kila siku ila hela siioni. Nianze na nini? Na hiyo lipa namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, si ndo TRA watu wa kodi watanikamata? Na kioo cha simu nibadilishe kwanza?"

Dada yangu, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi shikamoo yangu naidai.

Swali lako tayari lina jibu ndani yake, umelificha pale katikati. Umesema unauza kila siku ila hela huioni. Sasa Instagram kazi yake ni kuleta wateja, na wewe wateja unao, pweza anaisha. Ukilipia tangazo leo wakaja watu kumi zaidi utachoka zaidi, utakaanga zaidi, na hela bado hutaiona. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, ila hapa mchukuzi ni wewe mwenyewe na kinachovuja ni mtaji, hakuna nafuu yoyote. Huyo mtoto anakupenda, usimgombeze, ila ameanzia mwisho.

Mi nimekaa Lindi mwaka wa tisa huu nafanya kazi na mama lishe, wauza samaki, mafundi cherehani, vijana wa mitumba, na kosa hilo la kuanzia mwisho nimelifanya mimi kwanza kwa hiyo nalijua vizuri. Mwaka wangu wa kwanza nilikuja na kompyuta mpakato na jedwali zuri la Excel, lina rangi, lina safu ya mapato, matumizi, uchakavu wa vifaa (uchakavu wa karai jamani!), nikawafundisha akina mama kumi na wanne siku tatu, tukala wali, tukapiga picha. Nikarudi baada ya wiki mbili, hakuna hata mmoja anayejaza. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, baba, lile karatasi lako linataka mtu ambaye hana karai motoni.

Baadaye nikaja kusoma kwamba kuna watafiti watatu, Drexler, Fischer na Schoar, waliupima ugonjwa huohuo kule Jamhuri ya Dominika, utafiti wao ukatoka 2014. Waliwagawa wafanyabiashara wadogo, wengine wakafundishwa uhasibu wa kawaida wa darasani, wengine wakafundishwa kanuni chache tu za mkononi, kubwa ikiwa kutenganisha hela ya biashara na hela ya nyumbani, kila moja ikae kwenye droo yake na ukichukua huku kupeleka kule uandike. Wa uhasibu hawakubadilika kwa maana, wa kanuni za droo mahesabu yao yakanyooka. Nilisoma nikacheka, maana karai lilishanifundisha bure.

Kwa hiyo droo mbili. Na wewe droo ya pili unayo tayari mkononi, ndo hiyo kitochi.

Nikuonyeshe mama mmoja wa hapa Lindi, anakaanga samaki karibu na feri, simtaji. Hana programu yoyote. Kila usiku akishaosha karai anakaa kwenye kigoda, anachukua kitochi chake kile cha batani zilizofutika namba, anamwandikia meseji binti yake aliyeko Dar. Meseji yenyewe ina namba tatu tu, ile niliyoiona mimi ilikuwa hivi: "mtaji 14 mauzo 20 na nusu mkopo 3 na nusu". Binti anajibu "sawa mama". Basi, hayo ndo mahesabu. Simu ikipotea namba ziko kwa binti, mama akibisha siku ya mwisho wa mwezi binti anazo zote, na kwa kuwa anajua kuna mtu anasubiri meseji, hawezi kulala bila kuhesabu. Niliwahi kumuuliza mbona usiandike tu kwenye daftari, akasema daftari halinijibu sawa mama.

Sasa hebu tuzisome hizo namba tatu kama zingekuwa zako. Mtaji elfu 14, hapo kuna pweza, mihogo, mafuta, mkaa, ndimu na pilipili. Mkononi imeingia 20,500, taslimu na ya kwenye simu ukijumlisha. Mkopo 3,500, yaani watu wamekula hawajalipa. Kwa macho umeuza 24,000 kwa hiyo kichwani unajiona umepata faida 10,000, na mtumiaji mkubwa wa hela ni kichwa, ukirudi nyumbani unatumia kama mtu aliyepata elfu kumi. Kumbe iliyopo ni 6,500. Ile 3,500 haikuumi siku moja, ni sahani mbili za bodaboda na moja ya jirani. Zidisha siku 26 za mwezi, ni 91,000. Umeniambia mtaji wako ni laki moja. Dada, mtaji wako karibu wote uko mifukoni mwa watu, ndo maana hela huioni.

Hapo ndo naona teknolojia inapoanza kuwa na maana, siyo kwenye tangazo. Fungua daftari la madeni au tumia hiyo simu janja yako yenye ufa, andika jina la kila anayekula kwa mkopo, kiasi, tarehe, na siku aliyosema atalipa. Mteja akiona unaandika mbele yake nusu ya mikopo inakufa hapohapo. Anayebaki mtumie meseji siku ya ahadi, asubuhi, fupi na ya heshima: "Shikamoo kaka, ile 2,000 ya pweza leo ndo siku yetu". Nawajua watu wetu wa huku, wengi watakwambia korosho zikitoka. Kwa mkulima wa Tandahimba au Newala hiyo ni ahadi halali, minada ikianza kuanzia mwezi wa kumi hela inaingia benki kupitia chama chake cha msingi na analipa kweli. Ila dereva wa boda wa Mikindani asiye na hata mkorosho mmoja naye anakwambia korosho zikitoka, huyo mwandike kwa wino mwekundu. Halafu usithubutu kupiga picha ukurasa wa madeni na kuurusha kwenye grupu la mtaa, utalipwa elfu mbili na kupoteza ukoo mzima wa wateja.

Haya kitochi. Chukua laini moja iwe ya biashara tu, iweke humo, na hiyo laini isijulikane na ndugu kama namba ya kuombea nauli. Simu janja ibaki ya WhatsApp na ndugu na picha. Kitochi chaji inakaa siku tatu, kikiangukia kwenye beseni la mihogo hulii sana, na cha muhimu menyu ya hela haitaki bando, unabonyeza *150*00# au *150*60# au namba ya mtandao wako na kazi inaendelea. Mwezi wa tano 2024, wiki moja tu baada ya kimbunga Hidaya, nyaya za intaneti za baharini zilipata hitilafu na intaneti ikalala nchi nzima, waliokuwa na biashara ya data tupu walikaa kuangalia dari.

Kwenye hiyo laini ya biashara omba lipa namba. Kwa nini usipokee tu kwenye namba yako ya kawaida kama ulivyozoea? Kwanza kwa sababu ya droo, hela ya lipa namba inakaa upande wake, kuifikisha kwenye matumizi ya nyumbani ni lazima uihamishe kwa makusudi, na ile hatua moja ya kuhamisha inakupa nafasi ya kujiuliza. Pili mteja wa mtandao mwingine naye siku hizi analipa hapohapo, hamna habari ya "mama una Airtel". Tatu kila malipo yanaacha meseji yenye saa na kiasi, mwisho wa mwezi nusu ya mahesabu imejiandika. Makato yanabadilikabadilika kwa hiyo sikutajii, wakala ana karatasi ya viwango, isome hasa pale kwenye kutoa. Hela ya kununulia pweza usiitoe kama muuzaji wako anapokea kwa simu, mlipe hivyohivyo, maana ukipokea kwa simu ukatoa kwa wakala ukaenda kulipa taslimu na yeye akaenda kuiweka tena kwenye simu, nyie wawili mmefanya kazi ya kulisha mtandao. Na wote tunakumbuka tozo za Julai 2021 zilivyowarudisha watu kwenye taslimu, mpaka serikali ikazipunguza asilimia 30 mwezi wa tisa mwaka huohuo. Mfanyabiashara mdogo haogopi teknolojia, anaogopa makato, na yuko sahihi.

TRA sasa, maana naona hapo ndo moyo unadunda. Siwezi kukwambia hawatakujua, na mtu akikwambia hivyo anakudanganya. Ila hebu tupige hesabu badala ya kuogopa. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kitu, ndo kiwango hichohicho kilichotumika kwenye vile vitambulisho vya machinga vya elfu ishirini vya mwisho wa 2018 (neno machinga lenyewe wengi tunasema limetokea huku kwetu, vijana wa Lindi walioenda Dar kutembeza bidhaa, tuna haki ya kujivunia kidogo). Mauzo dada, siyo faida. Wewe tufanye unauza elfu 20 kwa siku, siku 300, ni milioni 6, kwa hiyo umevuka. Kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwako kilichozidi ni milioni 2, asilimia 3 yake ni 60,000. Yaani zile meseji za lipa namba na daftari unavyoviogopa ndo vinakupunguzia elfu 40. Kabla hujaenda uliza dirishani viwango vya mwaka huu, viwango huguswa kila bajeti.

Utapeli nitausema haraka maana unaujua. Meseji ya "umepokea" ikija kutoka namba ya kawaida ya 07 au 06 badala ya jina la huduma, hiyo ni ya mtu. Usisome meseji kwenye simu ya mteja, hata akiikaribisha puani kwako, angalia salio lako mwenyewe ndo umfungie pweza wake. Jioni kukiwa na foleni ndo saa yao. Ile ya "tuma kwenye namba hii" ipeleke 15040 uendelee na kazi. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, nimekutana na mama ana laini sita asizozijua. Namba ya siri usimpe mtoto anayekusaidia kuuza, siyo kwamba ni mwizi, ni kwamba siku hela ikipungua hutajua umuulize nani na mtagombana bure.

Kitu ambacho huyo mtoto wa dada yako hajakitaja kabisa, na mi nakiona ni kikubwa kuliko Instagram, ni kupiga simu asubuhi. Kuna utafiti maarufu wa Robert Jensen uliotoka 2007, kuhusu wavuvi wa Kerala huko India, simu za mkononi zilivyoingia pwani yao kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu mvuvi alikuwa anatia nanga ufukwe uleule wa kwao, akikuta samaki wamejaa na wanunuzi hakuna anamwaga baharini, na hapo kijiji cha jirani wanunuzi wamekaa na matenga matupu. Walikuwa wanapoteza samaki asilimia 5 hadi 8 hivi. Simu zilipokuja wakawa wanapiga wakiwa bado majini, wanauliza wapi kuna bei, na kumwaga samaki kukaisha, faida ya wavuvi ikapanda kama asilimia 8 na mlaji naye akanunua kwa bei ya chini kwa asilimia 4. Hakuna programu hapo, ni sauti ya mtu na vocha.

Wewe uko upande wa pili wa simu hiyo, wewe ni mnunuzi. Unajua mwenyewe pweza anaenda na bamvua, maji yakitoka sana akina mama wanaingia mwambani na pweza anakuwa mwingi, maji mafu yakija anaadimika na bei inaruka. Sasa kuwa na namba tatu, mmoja wa Msangamkuu, mmoja wa feri Mtwara mjini, mmoja wa hapohapo Mikindani. Saa mbili asubuhi piga wote watatu, dakika moja kila mmoja. Tufanye wa Mikindani anakwambia kilo elfu tisa, wa Msangamkuu elfu saba ila kuna nauli ya elfu moja, kwa kilo tatu umeokoa elfu tano na shemeji yako wa boda kaleta. Fanya hivyo mara nane kwa mwezi ni elfu 40. Na uandike bei wanazokutajia, ukishakuwa na bamvua nne tano kwenye daftari utaanza kuijua bei kabla hujapiga. Na usiwabip, dada, piga. Mtu ukimbip mara tatu ya nne anampokea mwenzako.

Ukishafanya hayo miezi miwili na ukaona hela imeanza kukaa, ndo tuzungumze wateja, na hapo napo tunaanza na WhatsApp. Weka WhatsApp Business kwenye hiyo simu ya ufa, ni ya bure, ina sehemu ya kuweka picha na bei na majibu ya haraka. Wengi wanaposti status halafu wanalalamika hakuna anayeona, ni kwa sababu status anaiona yule aliyesevu namba yako na wewe ukasevu yake. Kwa hiyo kila anayekula mwambie "sevu namba yangu, Mama Pweza, ukitaka nikuwekee unaandika tu". Saa kumi jioni piga picha moja ya pweza akiwa kwenye karai, moshi unaonekana, andika bei na "wa leo, vipande arobaini". Vikiisha andika vimeisha. Hiyo vimeisha inauza kuliko tangazo lolote, kesho watu wanawahi wanaagiza mapema, na oda za mapema zinakwambia asubuhi ununue kilo ngapi, kwa hiyo hubaki na pweza wa kuwagawia majirani saa nne usiku. Instagram mtu wa Mwanza atakupa laiki, ila hali pweza wa Mikindani.

Programu ya elfu kumi kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka, zaidi ya mtaji wako wote. Hapana. Mwenye duka la jumla pale mjini, ana bidhaa mia nne na vijana wawili kaunta, huyo anaihitaji, na ningemshauri anunue leo.

Na kwa kuwa utaanza kuonekana unapokea hela kwa simu, utaanza kupata meseji za mikopo, umekidhi vigezo, bonyeza hapa. Mwezi wa kumi na moja 2024 Benki Kuu ilitaja programu za mikopo 69 zisizo na leseni, na mtindo wa nyingi za namna hiyo ni kuomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili wanawatumia wateja wako na shehe wako na mama mkwe meseji kwamba wewe ni mwizi. Ni ile mikopo ya kausha damu, ila ya kwenye simu. Mkopo wako wa kwanza uko kwenye ile 91,000 ya bodaboda, hauna riba, kaudai.

Kioo cha simu usibadilishe sasa hivi. Picha ya pweza inapigwa na kamera ya nyuma, na kioo ulichosema kimepasuka nadhani ni cha mbele. Bandika seloteipu isikukate kidole, na fundi mwambie utakuja mwezi wa kumi na moja, korosho zikitoka.